Mungu Mmoja: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kum. 6:4–9, Yn. 1:1–3, Kol. 1:15–17, Yn. 14:15–26, Mdo. 5:1–4, Mt. 3:13–17, Mt. 28:18–20, Yn. 17:20–26, Flp. 2:1–8.

Fungu la Kukariri: 2 Wakorintho 13:14. Lifungue katika Biblia yako, ulisome kwa sauti mara tatu, kisha ulinene bila kutazama. Paulo anataja neema, pendo na ushirika. Angalia kila kimoja kinatoka kwa nani.

Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kwenye kundi moja la kijijini lililokuwa limeingia katika mabishano juu ya Uungu. Ndugu wawili wa tumbo moja, wote washiriki waliobatizwa, walikuwa hawaketi tena pamoja. Mkubwa alikuwa mzee wa kanisa. Mdogo alikuwa amesoma vijitabu fulani, akaamini kwamba Mwana wa Mungu alikuwa na mwanzo, na kwamba Roho Mtakatifu ni nguvu tu itokayo kwa Baba. Kwanza waliacha kusali pamoja, kisha wakaacha kula pamoja. Mwishowe wakagawana hata maksai wawili wa plau walioachiwa na marehemu baba yao. Kila mmoja akabaki na maksai mmoja, na maksai mmoja halimi.

Nilifungua mafungu kuanzia saa nane mchana hadi giza likaingia. Nilikuwa na jibu kwa kila hoja. Yule mdogo alinyamaza, nami nikadhani nimeshinda. Alipoinuka kuondoka, mama yao, aliyekuwa ameketi mkekani muda wote bila kusema neno, aliniambia, “Mwalimu, umetufundisha vizuri kwamba Baba na Mwana hawatengani. Lakini hawa wanangu umewaacha palepale ulipowakuta.”

Sikuwa na fungu la kumjibu. Juma hili tutajifunza kile ambacho Biblia inafundisha juu ya Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Tutajifunza pia swali la yule mama, maana fundisho hili halikutolewa ili tushinde mabishano.

Jifunze somo hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Bwana ni Mmoja

Soma Kumbukumbu la Torati 6:4–9. Musa anawaambia Israeli nini juu ya Mungu wao? Ni wapi na wakati gani walipaswa kuyasema maneno hayo?

Ni lazima tuanzie hapa. Sisi hatuabudu miungu watatu. Jirani yako Mwislamu akikuuliza kama Wakristo wana miungu watatu, jibu lako liwe wazi na la upole: hapana, Mungu ni mmoja. Yesu mwenyewe, alipoulizwa juu ya amri iliyo kuu, alianza na tangazo hilo hilo la Musa (Mk. 12:29).

Neno la Kiebrania lililotafsiriwa “mmoja” katika Kum. 6:4 ni echad. Neno hilo hilo limetumika katika Mwa. 2:24, pale mume na mke wanapokuwa mwili mmoja. Neno hili peke yake halithibitishi Utatu, maana hutumika pia kuhesabu kitu kimoja cha kawaida. Lakini linatuonyesha kwamba umoja katika Biblia unaweza kuwa umoja wenye ushirika ndani yake. Ndiyo maana Agano la Kale, linalokaza sana kwamba Mungu ni mmoja, haliogopi kumsikia Mungu akisema kwa wingi (Mwa. 1:26, Isa. 6:8).

Wengine husema, “Neno Utatu halimo katika Biblia.” Ni kweli. Hata neno “milenia” halimo, lakini sisi Waadventista tunalifundisha bila woga, kwa sababu ile miaka elfu imo katika Ufunuo 20. Neno ni kikapu tu, na kinachotakiwa kuchunguzwa ni kilichomo kikapuni. Wengine husema fundisho hili lilibuniwa katika mtaguso wa Nikea mwaka 325. Lakini Tertuliano, mwalimu wa Karthage, Afrika ya Kaskazini, alikuwa amelitumia neno hilo kwa Kilatini takriban miaka mia moja kabla ya Nikea. Hata hivyo imani yetu haisimami juu ya Tertuliano wala juu ya mtaguso wowote. Inasimama juu ya Maandiko.

Jambo jingine la kuangalia ni mifano yetu. Wengi tumefundishwa kwa mafiga matatu yanayobeba chungu kimoja. Mfano huo unasaidia kidogo, lakini figa moja ni theluthi tu ya jiko, na Baba si theluthi ya Mungu. Mfano wa maji, barafu na mvuke una kasoro nyingine, maana maji yakigeuka barafu huwa si maji ya kutiririka tena, ilhali Baba hakugeuka kuwa Mwana. Tumia mfano kwa kiasi, kisha mwambie mwanafunzi wako mahali unapokomea. Muumba hana mfano kamili katika vitu alivyoviumba (Isa. 40:18).

Musa aliagiza maneno haya yafundishwe nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Watoto wako wanajua nini juu ya Mungu kutokana na mazungumzo ya nyumbani, mbali na yale wanayoyasikia kanisani?

JUMATATU
Mwana Asiye na Mwanzo

Soma Yohana 1:1–3 na Wakolosai 1:15–17. Ni vitu vingapi vilivyofanyika pasipo Neno? Jibu lako linasema nini juu ya Neno mwenyewe?

Yohana anagawa vyote vilivyopo katika mafungu mawili: vitu vilivyofanyika, na Yeye aliyevifanya. Anamweka Neno upande wa Mfanyaji. Kama Mwana naye alifanyika, basi kuna kitu kimoja kilichofanyika pasipo yeye, na maneno ya Yohana hayatakuwa kweli. Hapa ndipo Ario, mwalimu wa Aleksandria, alipokosea katika karne ya nne alipofundisha kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwako.

Lakini mtu atauliza, “Ikiwa ni Mwana, si lazima alizaliwa siku fulani?” Sisi tusemao Kiswahili tuna msaada kinywani mwetu. Tunasema mwananchi, na hakuna anayeuliza nchi ilimzaa lini. Tunasema mwanasheria na mwanajeshi, wala hatutafuti mama yao sheria au jeshi. Tunasema mwanadamu, mwana wa Adamu, tukimaanisha mtu aliye na asili ya Adamu. Si hoja ya kumaliza yote, lakini inatukumbusha kwamba “mwana” mara nyingi husema mtu ni wa asili gani, bila kutaja siku aliyozaliwa. Ndivyo Wayahudi walivyomwelewa Yesu. Alipomwita Mungu Baba yake, walitaka kumwua kwa sababu alijifanya sawa na Mungu (Yn. 5:18).

Na Paulo anaposema “mzaliwa wa kwanza”, je? Soma 1 Samweli 16:11. Daudi alikuwa kitinda mimba wa Yese, aliyesahauliwa machungani. Kisha soma Zaburi 89:27, ambapo Mungu anaahidi kumfanya Daudi huyo kuwa mzaliwa wa kwanza. Linganisha pia Mwa. 41:51, 52 na Yer. 31:9. Manase ndiye aliyetangulia kuzaliwa, lakini Efraimu ndiye anayeitwa mzaliwa wa kwanza. Katika Biblia jina hili ni cheo cha mwenye haki ya ukuu. Ndiyo maana Paulo analifafanua mara moja: yeye yuko kabla ya vitu vyote, na vyote hushikamana katika yeye.

Yesu alisema pia kwamba Baba ni mkuu kuliko yeye (Yn. 14:28). Tusilikwepe fungu hili. Alilisema akiwa katika hali ya utumishi aliyoichagua mwenyewe, kama Flp. 2:6–8 inavyoeleza. Mwenye nyumba akivua koti na kushika jembe pamoja na vibarua, akapokea maagizo kama wao, bado ni mwenye nyumba.

Kwa nini jambo hili ni la muhimu kwako leo? Kwa sababu aliyekufa Kalvari, kama si Mungu hasa, basi Mungu alimtuma mwingine ateseke, naye akabaki mbali. Lakini ikiwa aliyekufa ni Mungu pamoja nasi, basi hakuna shimo ulilotumbukia ambalo Mungu mwenyewe hajashuka chini yake.

Ni wakati gani maishani mwako ulipohitaji kujua kwamba aliyekufia ni Mungu mwenyewe?

JUMANNE
Msaidizi Mwingine

Soma Yohana 14:15–18, 26 na Matendo 5:1–4. Yesu anamwelezaje Roho Mtakatifu? Petro anasema Anania alimwambia nani uongo?

Yesu alikuwa akiwaaga wanafunzi wake. Waliogopa kubaki yatima. Hakuwaahidi kuwaachia nguvu fulani. Aliwaahidi Msaidizi mwingine, na neno la Kiyunani alilotumia Yohana kwa “mwingine” kwa kawaida humaanisha mwingine wa namna ile ile. Nguvu za umeme haziwezi kuchukua nafasi ya rafiki aliyeondoka. Aliyekuja kuchukua nafasi ya Yesu kando yao ilibidi awe mtu wa kusema naye.

Angalia Biblia inavyomtaja. Roho hufundisha na kukumbusha (Yn. 14:26). Husema na kuchagua watumishi (Mdo. 13:2). Huugua na kutuombea (Rum. 8:26). Hugawa karama kama apendavyo yeye (1 Kor. 12:11). Anaweza kuhuzunishwa (Efe. 4:30). Upepo hauhuzuniki. Na Petro, baada ya kumwambia Anania kwamba amemwambia uongo Roho Mtakatifu, anasema hapo hapo kwamba uongo huo amemwambia Mungu.

Soma pia Matendo 8:18–20. Simoni wa Samaria aliona nguvu, akaleta fedha ili ainunue. Dhambi yake ingali nasi. Siku hizi watu husafiri mbali na kulipa fedha ili wapate maji, mafuta au leso inayosemekana kubeba nguvu za Roho. Anayemwona Roho kuwa ni nguvu huuliza, “Nitampataje nimtumie?” Anayemjua kuwa ni Nafsi ya Mungu huuliza, “Bwana, unataka unitumie wapi?” Maswali hayo mawili huzaa maisha ya namna mbili.

Lakini sisi tuliokaa katika mafundisho sahihi tujichunguze pia. Inawezekana kutetea kwa mafungu kwamba Roho ni Nafsi, kisha tukaishi kana kwamba hayuko chumbani. Paulo alipoonya juu ya kumhuzunisha, soma mstari unaofuata utaje mambo yanayomhuzunisha: uchungu, ghadhabu, hasira, kelele, matukano (Efe. 4:31). Siku ile kijijini nilithibitisha kwa mafungu kwamba Roho anaweza kuhuzunishwa. Sikujiuliza kama alikuwa akihuzunika pale pale, kwa sauti yangu.

Fikiria mazungumzo makali ya mwisho uliyokuwa nayo nyumbani, kazini au kanisani. Kama ungekumbuka kwamba Roho Mtakatifu yupo akisikiliza, ungebadili maneno gani?

JUMATANO
Kando ya Mto Yordani

Soma Mathayo 3:13–17. Kila mmoja wa Nafsi tatu yuko wapi, na anafanya nini?

Mwana yuko majini. Roho anashuka kama njiwa. Baba anasema kutoka mbinguni. Wote watatu wako kwa wakati mmoja, kwa hiyo hatuwezi kusema ni mmoja anayebadili mavazi, leo Baba, kesho Mwana, keshokutwa Roho. Angalia pia maneno ya Baba. Yesu hajafanya muujiza hata mmoja, hajahubiri hata hotuba moja, na tayari Baba anasema anapendezwa naye. Pendo lilitangulia kazi.

Sasa soma Mathayo 28:19. Yesu anataja watatu, lakini neno “jina” liko katika umoja. Hakusema majina. Ulipozamishwa, mchungaji alitaja jina hilo moja juu yako, nawe ukaingizwa katika jamaa ya Mungu, kama binti anayeolewa anavyopokelewa na ukoo mzima.

Hapa niseme neno kwa walimu wa madarasa. Katika 1 Yohana 5:7, 8 baadhi ya matoleo yana maneno kuhusu mashahidi watatu mbinguni, Baba, Neno na Roho. Matoleo mengine huyatia katika mabano au huyaacha kabisa. Sababu ni kwamba maneno hayo hayamo katika nakala za kale za Kiyunani. Usijenge hoja yako juu yake. Kweli haihitaji nguzo iliyooza, na akija mtu kuiondoa nguzo hiyo mbele ya darasa lako, wanafunzi watadhani nyumba yote imeanguka. Yordani na agizo la ubatizo vinatosha, pamoja na baraka ya Paulo katika fungu letu la kukariri.

Kilichoanza Yordani kilifika kilele msalabani. Soma Waebrania 9:14. Kristo alijitoa kwa Mungu, kwa Roho wa milele. Wote watatu walikuwa katika kazi moja ya kutuokoa. Wengi wetu tumebeba picha ya Baba mwenye hasira anayezuiliwa na Mwana mwenye huruma, labda kwa sababu baba zetu wa duniani walikuwa wakali, na mama ndiye aliyetuombea. Lakini Paulo anasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake (2 Kor. 5:19), na Yesu mwenyewe anatuhakikishia kwamba Baba anatupenda (Yn. 16:26, 27). Mwana hakufa ili kumshawishi Baba atupende. Alikufa kwa sababu Baba alitupenda (Yn. 3:16).

Unapoomba, humwona Baba akiwa na uso wa namna gani? Picha hiyo ilitoka wapi, katika Maandiko au katika nyumba uliyokulia?

ALHAMISI
Ili Wawe na Umoja

Soma Yohana 17:20–26 na Wafilipi 2:1–8. Yesu anataka umoja wetu ufanane na umoja gani? Ulimwengu utajua nini ukiuona umoja huo?

Yohana anasema Mungu ni upendo (1 Yoh. 4:8). Kabla mbingu na nchi hazijaumbwa, Mungu alimpenda nani? Kama angekuwa peke yake milele yote, upendo usingekuwa asili yake. Angeuanza siku alipoumba. Lakini Yesu anasema Baba alimpenda kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu (Yn. 17:24). Upendo haukuanza nasi. Sisi tumealikwa kwenye upendo ambao haujawahi kuwa na mwanzo.

Hapo ndipo fundisho la Uungu linapoingia jikoni, shambani na katika kamati ya kanisa.

Katika ndoa: Mwana alimtii Baba, wala hakuwa mdogo wa asili. Kutii hakumfanyi mtu awe duni, na anayeongoza hapati ruhusa ya kumdharau anayemfuata. Mume anayetumia neno “kichwa” kama fimbo hajamwona Baba, ambaye amempa Mwana vyote mkononi mwake (Yn. 3:35). Kati ya Nafsi za Uungu, kila mmoja humtukuza mwenzake. Mwana humtukuza Baba, Baba humtukuza Mwana (Yn. 17:1), na Roho humtukuza Mwana (Yn. 16:14). Nyumbani mwako nani humtukuza mwenzake mbele ya watoto?

Katika kanisa: mitume walipomaliza shauri gumu la Yerusalemu, waliandika kwamba uamuzi ulimpendeza Roho Mtakatifu na wao pia (Mdo. 15:28). Je, kamati yetu ya uchaguzi inaweza kuandika hivyo, au kuna mambo yaliyopangwa usiku, njiani, kabla ya sala ya kufungua kikao?

Katika maombi: kwa kawaida tunaomba kwa Baba, katika jina la Mwana, tukisaidiwa na Roho (Efe. 2:18). Unapokosa maneno kwa sababu ya msiba au ugonjwa, huhitaji kuyatafuta. Roho anaugua ndani yako, Mwana anakuombea mbele, na Baba anasikiliza. Ombi la mtu aliyechoka lina Mungu kila upande.

Paulo aliwaandikia Wafilipi juu ya Kristo kujinyenyekeza kwa sababu kulikuwa na mashindano kati yao (Flp. 2:3, 4:2). Habari za juu kabisa za Uungu wa Kristo aliziandika ili watu wapatane.

Kuna mtu mmoja ambaye umeacha kula naye, au kusalimiana naye, kwa sababu ya tofauti? Flp. 2:5 inakuelekeza uchukue hatua gani ya kwanza?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Waanzilishi wa kanisa letu hawakulijua fundisho hili lote kwa siku moja. James White na Joseph Bates walitoka katika jamii ya Wakristo iliyokuwa ikiukataa Utatu, na kwa miaka mingi waanzilishi kadhaa walibaki na mawazo hayo. Walikuwa watu wa Biblia, nao waliendelea kuchunguza. Mwaka 1898 kilitoka kitabu cha Ellen G. White ambacho kwa Kiswahili tunakiita Tumaini la Vizazi Vyote. Humo alifundisha waziwazi kwamba uzima ulio ndani ya Kristo ni wake mwenyewe, haukutoka kwa mwingine. Kitabu hicho kiliwarudisha wengi kwenye Maandiko kuchunguza upya. Tamko la imani la mwaka 1931 liliutaja Utatu, na Mkutano Mkuu uliofanyika Dallas, Marekani, mwaka 1980, ulipitisha Imani za Msingi ambazo ndani yake Utatu ni imani ya pili.

Historia hii wengine huitumia kusema, “Waanzilishi walikataa, nasi tukatae.” Lakini urithi waliotuachia ni moyo wa kuendelea kutembea kadiri nuru inavyozidi (Mit. 4:18). Historia hii inatufundisha pia uvumilivu. Mungu aliwachukulia waanzilishi wetu miaka mingi. Je, ni vibaya kumchukulia ndugu yetu mwaka mmoja au miwili, tukimfundisha bila kumfukuza mezani?

Narudi kwa wale ndugu wawili. Baada ya miezi michache nilirudi kijijini, safari hii bila orodha ya mafungu. Nilimwomba yule mdogo msamaha mbele ya mama yake kwa jinsi nilivyosema naye. Sikuiomba radhi kweli, maana kweli si yangu. Niliomba radhi kwa ukali, ambao ulikuwa wangu. Ilipofika Sabato ya Meza ya Bwana, yule mdogo hakuja kanisani. Kaka yake alitoka na beseni na taulo baada ya ibada, akatembea nalo hadi nyumbani kwa mdogo wake, akapiga hodi. Mama yao ndiye aliyenisimulia. Alisema yule mdogo alikaa kimya muda mrefu, kisha akavua viatu.

Hajarudi kusema kwamba amekubali kila kitu. Bado wana maswali, na bado wanasoma pamoja Jumatano jioni, mara nyingine hadi taa inapoishiwa mafuta. Lakini mvua za msimu ule zilipoanza, maksai wawili walifungwa nira moja tena. Nilipopita njiani nikawaona wakilima, mkubwa ameshika plau, mdogo anaongoza mbele. Yule mama alikuwa kivulini. Nilimsalimu, “Shikamoo, mama.” Akaitikia, “Marahaba, Mwalimu,” kisha akaonyesha shamba kwa kidevu bila kuongeza neno.

Maswali ya Kujadili:

1. Jirani Mwislamu anakuuliza, “Mungu anawezaje kuwa na mwana?” Darasani, mfanye mazoezi ya kumjibu kwa heshima na kwa muda usiozidi dakika tatu. Mtatumia mafungu gani mawili?

2. Ni mfano gani wa Utatu mmezoea kuutumia kwa watoto? Unasaidia wapi, na unapotosha wapi?

3. Kuna tofauti gani kati ya kuitetea kweli na kutetea heshima yako mwenyewe? Mtu atajuaje kwamba amevuka mpaka huo?

4. Mshiriki wa kundi lenu ana mashaka juu ya Nafsi ya Roho Mtakatifu. Soma 2 Timotheo 2:24–26. Kundi lenu litafanya nini juma hili, na halitafanya nini?

5. Kila mmoja ataje kimyakimya moyoni mtu mmoja wa kupatana naye. Kisha mwombe pamoja: kwa Baba, katika jina la Mwana, kwa msaada wa Roho. Sabato ijayo, anayependa aseme alivyokwenda.